Herufi O Iliyokosea Mstari

Kwa miaka ishirini na miwili msahihishaji wa kiwanda kidogo cha uchapaji cha kanisa hakuruhusu kosa hata moja limpite, na kama hukuwa na habari hiyo, basi hujapata kukaa naye zaidi ya dakika tano. Watu walimwita Nukta. Jina alipewa kwa kejeli, yeye akalipokea kama nishani.

Chumba chake kilikuwa nyuma ya mashine, kati ya stoo ya karatasi na choo cha wafanyakazi. Ndani mlikuwa na meza moja, taa ya shingo ndefu, rula ya chuma, kamusi iliyovalishwa jalada la plastiki, na kikombe cha kalamu nyekundu. Mashine ilipounguruma kikombe kilitembea kidogo kidogo kuelekea ukingoni, naye alikirudisha bila kutazama, mara nne au tano kwa saa, kama mtu anayemrudisha mtoto kitini.

Nje ya chumba hicho kazi haikuisha. Kadi za harusi alizirudisha kwa wenyewe zikiwa na alama pembeni. Msibani alisimama mbele ya shada la maua, akasoma utepe, akatikisa kichwa polepole, na wafiwa wakadhani ni huzuni. Kijana mmoja alipomwandikia barua ya kumposa binti yake alijibiwa ndani ya siku mbili: barua yake mwenyewe ilirudi imesahihishwa, na chini yake neno "Rudia". Kijana alirudia. Leo ni mkwe, na mpaka sasa akimtumia mkewe ujumbe wa simu huusoma mara tatu kwanza.

Mke wa Nukta, aliyemwita Baba Pacha kwa ajili ya wale wavulana wawili waliowatangulia wadogo zao, aliacha zamani kumwandikia orodha ya sokoni. Alimtajia tu. "Maneno ya mdomo," alisema, "angalau hayana pambizo."

Kwa habari ya dini, Nukta alikuwa mtu wa kanisani hasa, wa benchi la pili, upande wa dirisha. Fundisho kwamba binadamu ameharibika tangu asili hakulipinga hata kidogo. Alikuwa na ushahidi tele, wote ukihusu majirani. Kwake dhambi ilikuwa kitu kama kosa la chapa: doa hapa, herufi imeruka pale, na mtu makini akikaza macho anaweza kuumaliza ukurasa ukiwa safi. Kwamba wengi hawakuumaliza safi, hilo aliliweka kwenye uvivu. Neema ya Mungu aliiheshimu sana, kama vile mtu mwenye meno mazima anavyomheshimu daktari wa meno.

Kanisa likatimiza miaka hamsini. Kiwanda kikaagizwa kuchapa kijitabu cha ibada ya jubilei: kurasa thelathini na mbili, jalada la kung'aa, nakala mia nane. Kurasa zilipangwa na mama mmoja mjane, mwenye miaka hamsini na kitu, vidole vyepesi na maneno machache, ambaye kiwanda kizima kilimwita Mama Kibodi. Alikuwa amefanya kazi na Nukta miaka kumi na mmoja chini ya sheria moja, iliyobandikwa ukutani juu ya kompyuta yake: FUATA KALAMU. Maana yake, mchapaji hasahihishi. Alama nyekundu ikisema ondoa, anaondoa. Ikisema weka, anaweka. Nukta aliibandika sheria hiyo siku Mama Kibodi alipothubutu kuweka koma kwa akili yake mwenyewe.

Ukurasa wa tisa ulikuwa na sala ya toba, aliyoitunga Mchungaji mwenyewe. Katika prufu, ile nakala ya majaribio inayosomwa kabla ya kuchapa, mistari yake miwili ya kwanza ilikuja hivi:

Tumekosa mbele zako asubuhi na jioni, nyumbani na kazini.
Utukombe, Bwana, maana wenyewe hatuwezi.

Kidole cha Mama Kibodi kilikuwa kimeruka o moja katika "Utukomboe". Kosa dogo, lakini lenye meno, kwa kuwa kukomba ndicho unachoifanyia sufuria usipotaka ibaki hata harufu ya mchuzi. Nukta aliliona papo hapo. Akatabasamu. Akaandika o nyekundu pambizoni, na kabla hajaweka alama ya kuonyesha o hiyo iingie wapi, dereva wa kiwanda akapita mlangoni.

"Wewe, hebu njoo," Nukta alimwita. "Gari lako limeandikwa nini ubavuni?"

"Si la kwangu, Mzee. La kiwanda."

"Limeandikwa 'Vitabu, Kadi na Mengineyo'. Mengineyo yepi? Vitu ni vinginevyo. Mnazunguka mji mzima na ngeli imevunjika mguu."

"Mzee, mimi naendesha tu. Aliyeandika alikuwa fundi rangi, na alihama."

Wakati mdomo ukimhukumu fundi rangi aliyehama, mkono wa Nukta uliendelea na kazi wenyewe, kwa mazoea ya miaka ishirini na miwili. Uliweka alama mstari mmoja juu zaidi, katikati ya s na a.

Mama Kibodi alipoipata prufu aliitazama kwa muda. Kisha akanyanyuka kitini, jambo ambalo hakulifanya ovyo, akaja mpaka mlangoni.

"Mzee, hii o. Umeitaka hapa?"

Nukta hakuinua kichwa. Alikuwa akimwandikia dereva maelezo mafupi juu ya ngeli. "Nimeiweka?"

"Umeiweka."

"Basi unauliza nini, Mama? Fuata kalamu."

Mama Kibodi akaifuata kalamu. Prufu ya pili ilipokuja, Nukta alikagua tu kama alama zake zote zimetekelezwa. Zilikuwa zimetekelezwa. Akaweka sahihi yake ndefu, ile yenye mstari chini na nukta mbili.

Jumapili ya jubilei alikuja askofu mgeni kuongoza ibada. Ulipofika ukurasa wa tisa aliusoma kwenye kipaza sauti kama ulivyo, kwa kuwa maaskofu husoma kilicho mbele yao, na watu mia nane wakamfuata kwa sauti moja.

"Tumekosoa mbele zako asubuhi na jioni, nyumbani na kazini. Utukombe, Bwana, maana wenyewe hatuwezi."

Vikapu vya sadaka vilikuwa vimeshaanza kuonekana milangoni.

Kwa sekunde mbili tatu hakuna aliyeshtuka. Kisha mwanakwaya mmoja wa sauti nzito akatoa mlio kama wa birika, mwenzake akajifunika uso kwa kijitabu, na kicheko kikaanza kushuka benchi kwa benchi. Mama mmoja wa nyuma alimnong'oneza jirani yake, mnong'ono wa aina ile inayofika madhabahuni: "Lakini mwenzangu, si kweli? Mimi tangu nimekaa hapa nimeshakosoa kofia tatu."

Nukta aliusoma mstari ule mara sita. Mara ya saba hakuweza, maana masikio yalikuwa yamepata moto na miwani imeingia ukungu.

Jumatatu meneja wa kiwanda aliwaita wote wawili. Alikuwa mtu wa hofu, mwenye leso mbili, moja ya paji la uso na moja ya akiba.

"Askofu amepiga simu?" Nukta aliuliza.

"Hajapiga. Hilo ndilo linalonitisha." Akamgeukia Mama Kibodi. "Nani alichapa hiki kitu?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Niliandikiwa."

"Na nani?"

Mama Kibodi alitazama dirisha. "Prufu itasema, Bwana meneja. Mimi nisiseme."

Prufu zote kwa kawaida hukaa mwaka mzima kwenye mtoto wa meza ya Nukta. Meneja akamtazama Nukta.

"Nitaitafuta," alisema Nukta.

Wakati akisema hivyo prufu ilikuwa tumboni kwake, chini ya fulana. Alikuwa ameitoa mezani saa moja asubuhi, kabla hata mlinzi hajamaliza kufungua madirisha, na sasa kila alipovuta pumzi karatasi ilijibu kwa mlio mdogo. Alipumua kwa uchache.

Meneja akakata shauri. Prufu isipoonekana, au ikionekana na kumlaumu, mkataba wa Mama Kibodi ungeishia Ijumaa. Mama Kibodi akasema, "Sawa," akarudi kwenye kompyuta yake kupanga kalenda za mwaka unaofuata, ambao kwa hesabu hiyo usingemkuta pale.

Jumanne asubuhi mke wa Nukta alikuwa akitandika kitanda.

"Baba Pacha, hii karatasi inaumwa?"

"Karatasi gani?"

"Hii iliyolala chini ya godoro." Akaivuta, akaisoma, akaisogeza kwenye mwanga. "Hii o ni yako. Ina mkia kama wa panya."

"Taa ya pale kazini haina nguvu. Na dereva alinivuruga. Halafu ukichunguza vizuri, chanzo cha yote ni yeye mwenyewe Mama Kibodi. Angeandika 'Utukomboe' sawasawa, hiyo o isingekuwepo. Na meneja nimeshamwambia nitaitafuta."

"Naam," mkewe alisema. "Adamu naye alikuwa na maelezo mazuri." Akairudisha karatasi palepale, akalaza shuka juu yake na kuinyoosha kwa kiganja. "Ukiitafuta kama ulivyomwambia meneja, unajua ilipo."

Jumatano ikaja barua. Meneja alikuwa ameandika kwa mkono barua ya kumwachisha kazi Mama Kibodi, na kwa kuwa kiwanda kilikuwa na mchapaji mmoja, ilimbidi Mama Kibodi aichape mwenyewe. Na kwa kuwa kila karatasi yenye nembo ya kiwanda ilipitia kwa msahihishaji, ilimbidi ailete kwa Nukta. Aliiweka mezani akasimama kando, mikono mbele, kama afanyavyo kila siku.

Nukta akasoma. "Kwa uzembe wake uliokiabisha kiwanda." Kuna i imeruka. Akaiweka: uliokiaibisha. Mbele kidogo koma ilikuwa imekaa kabla ya "na" bila sababu yoyote, akaiondoa. Chini akatia herufi zake za kuthibitisha, akamrudishia.

"Hiyo koma niliiona," alisema Mama Kibodi. "Nikasema nikuachie wewe."

Akaondoka. Nukta alibaki ameshika kalamu. Kwa haki yake, ni lazima isemwe kwamba alikuwa ameisoma barua yote kwa makini, na kwamba katika mistari kumi na miwili alikuta kila kosa isipokuwa moja, lililokuwa limeketi kwenye kiti chake.

Alhamisi, saa ya chakula, alikwenda ofisini kwa Mchungaji. Alimkuta akishona kwa stepla vitabu vya nyimbo vilivyoachana na majalada yake.

"Mchungaji, kuna kosa limetokea."

"Limetokea wapi?"

"Kiwandani."

"Lilikuja lenyewe?"

"Tuseme kumekosewa."

"Huyo ku- ndiye nani?"

"Yaani, imeonekana kwamba alama iliwekwa mstari usio wake."

"Sasa tumefika kwenye i-," alisema Mchungaji, akashindilia stepla.

"Tumekosea, Mchungaji."

"Wewe na nani?"

"Mama Kibodi kwa upande wake naye..."

"Mzee wangu," Mchungaji akaweka stepla chini, "mwalimu aliyenifundisha sarufi angekupenda. Umezungukia ngeli zote, umeruka ya mtu."

Nukta akakaa. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, na chumba kikabaki vilevile.

"Miaka ishirini na miwili," alisema. "Hakuna lililonipita."

"Hakuna uliloliona likikupita."

"Tofauti ni nini?"

"Nani alikuwa akisoma nyuma yako?"

"Hakuna."

"Basi."

Mchungaji akaokota kitabu kingine cha nyimbo, akakilinganisha na jalada lake.

"Wewe unadhani dhambi ni wino uliodondoka kwenye karatasi," Mchungaji aliendelea. "Ingekuwa hivyo ningefurahi, ningekuachia kazi hii wewe na kalamu yako, mimi nikalale. Shida iko kwenye jicho, Mzee. Sasa jicho utalisahihisha kwa kutumia nini?"

Nukta alilifikiria swali kwa dhati. "Miwani?"

Mchungaji alicheka mpaka akalazimika kuondoka mezani. Aliporudi macho yalikuwa na machozi. "Umekaribia sana, na sikutanii. Lakini miwani hakuna anayejipimia mwenyewe. Unapimwa, halafu unapewa. Ndiyo maana niliuandika ule mstari wa pili, kwamba wenyewe hatuwezi. Ungenisaidia kuuchapa vizuri."

"Na nikisema, nitabaki na nini? Watu wananijua kwa hilo moja tu."

"Sijui utabaki na nini. Labda na Mungu, ambaye kwa miaka yote hiyo ulikuwa ukimpelekea kazi iliyokwisha kusahihishwa, asiwe na cha kufanya." Akaivuta stepla karibu. "Tuombe?"

"Niseme nini?"

"Hata isiwe sentensi kamili."

Nukta akafumba macho. Alichosema hakikuwa na kitenzi.

Ijumaa asubuhi ile barua ilirudi mezani kwake, safi, isomwe mara ya mwisho kabla ya meneja kutia sahihi. Nukta alitoa kalamu nyekundu. Palipoandikwa jina la Mama Kibodi alikata, akaandika lake, jina kamili la ubatizo, ambalo kiwandani hakuna aliyelijua. Palipoandikwa "mchapaji" alikata, akaandika "msahihishaji". Alipofika kwenye "uzembe" kalamu ilisita. Alifikiria "kutokuwa makini". Alifikiria "uchovu". Mwisho akaliacha neno lilivyo, kwa kuwa lilikuwa limeandikwa sawasawa. Akatia sahihi, akaambatisha prufu iliyotoka godoroni, yenye mikunjo, akampelekea Mama Kibodi mwenyewe kwa miguu yake.

Mama Kibodi aliitazama barua. Akamtazama Nukta. Safari hii hakuuliza kitu. Alichapa kila alama kama ilivyoagizwa, akaipeleka kwa meneja, na meneja akatia sahihi bila kusoma, kama alivyofanya siku zote kwa karatasi iliyokwisha kupita kwa Nukta. Kufika saa tano alikuwa amemwachisha kazi msahihishaji pekee aliyekuwa naye.

"Bwana meneja," Mama Kibodi alisema mlangoni, "Mzee ameshapokea barua yake."

"Barua gani?"

Mama Kibodi akamwekea nakala mezani, pamoja na prufu. Meneja akasoma. Leso ya akiba ikatoka.

"Nani kabadilisha?"

"Mwenyewe."

"Na wewe ukachapa?"

"Niliandikiwa."

Nukta akaitwa. Meneja alikuwa ameweka kidole juu ya ile o yenye mkia.

"Mzee, kwa nini hukuniambia Jumatatu?"

Nukta akafungua kinywa. Maelezo matatu yalikuwa yamejipanga foleni, taa ikiwa mbele, dereva nyuma yake. Akayaacha yapite.

"Niliogopa," alisema.

"Nani mwingine anajua?"

"Mke wangu. Mchungaji. Mungu."

"Kwa mfuatano huo?"

"Kwa mfuatano huo."

Meneja aliitazama barua yenye sahihi yake mwenyewe, akafikiria kadi za harusi na kalenda zinazongoja, akaichana vipande vinne. Barua ya Mama Kibodi, alisema, ihesabiwe kuwa haijapata kuandikwa. Nukta atapewa onyo la maandishi. Na kuanzia siku hiyo hakuna karatasi itakayotoka kiwandani kabla Mama Kibodi hajaisoma baada ya Nukta, akatia sahihi yake chini ya ile ndefu. Nukta aliyapokea yote kwa kuitikia kwa kichwa, ila hilo la mwisho lilimshuka koo kama kidonge bila maji.

Walipokuwa wakitoka simu ililia. Alikuwa askofu. Aliomba nakala ishirini zaidi za kijitabu kwa ajili ya wachungaji wake, na akasihi ukurasa wa tisa usiguswe.

Nukta hakusubiri kusikia mengine. Alipita mashine, akapita stoo, akapita mlango wa chumba chake bila kuingia, akasimama nyuma ya kiti cha Mama Kibodi. Mama Kibodi alikuwa ameshaanza kuchapa lile onyo.

"Mama Kibodi."

"Naam."

"Nimekosa."

Vidole havikusimama. "Umekosa nini, Mzee? Karatasi ziko stoo. Stepla anayo dereva."

Nukta alivuta pumzi amweleze kwamba kitenzi hicho kina maana mbili, na kwamba yeye alikusudia ile nyingine. Neno lilikuwa limeshafika ulimini. Kisha akaonekana kama mtu anayelisoma swali upya kwa rula, neno kwa neno, asipate mahali pa kuweka alama.

"Nipe kiti," alisema. "Orodha ni ndefu."

Mama Kibodi alisukuma kiti kwa mguu, bila kugeuka.

"Kaa basi. Anza na Jumatano."